Somo la Mwezi: Jamaa wa Mgonjwa wa Ini Aliye Mahututi

Mafungu ya kusoma: Ayubu 2:11-13, Isaya 38:1-5 na 21, Yohana 9:1-3, Yakobo 5:13-16.
Fungu la kukariri: Wagalatia 6:2.
Lengo la somo: Kuwasaidia jamaa na washirika wajue la kusema, la kufanya na la kuacha, wakati mmoja wao amelazwa kwa sababu ini lake limeshindwa kazi ghafla.

Somo hili tumeliandaa sisi wa huduma ya wagonjwa kwa ajili ya vikundi vya nyumbani, akina mama, akina baba, vijana na mashemasi. Msilisome mara moja na kuliweka. Lisomeni kwa mafungu, mjadiliane, kisha mwombe pamoja.

Kwa nini somo hili? Kwa sababu hapa Lobule, na hata kwa ndugu zetu wa Rhino Camp na Imvepi, mtu akigeuka manjano machoni na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, mambo matatu huanza nyumbani kabla gari la wagonjwa halijafika. Mmoja anachemsha majani. Mwingine anakimbia kutafuta watu wa kukemea pepo. Wa tatu anauliza, "Jana alikula kwa nani?"

Swali hilo la tatu ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Huku West Nile watu wamefukuzwa vijijini, wamepigwa, na wengine wameuawa, kwa kushukiwa tu kwamba wamemtilia mwenzao sumu. Ugonjwa wa ini unafanana sana na yale watu wanayoyasimulia juu ya sumu: mtu alikuwa mzima juzi, leo anatapika damu na hamjui mkewe. Basi jamaa wakikosa maarifa, wanaweza kumpoteza mgonjwa wao na tena kumtia jirani hatarini.

Neno letu kuu katika somo hili ni moja, nalo lina pande mbili: tuseme yote tunayoyajua, na tunyamaze juu ya yale tusiyoyajua. Upande wa kwanza unamsaidia mgonjwa. Upande wa pili unamlinda jirani.

1. INI LINAFANYA KAZI GANI?

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Linaweka akiba ya sukari na kuitoa mwili unapoihitaji. Linatengeneza vitu vinavyoifanya damu igande tukijikata. Linasafisha damu na kuondoa uchafu unaotokana na chakula na dawa.

Ini likishindwa ghafla, kazi hizo zote hulegea pamoja. Rangi ya manjano hujaa machoni na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Damu hutoka kwenye fizi, puani, au katika matapishi, kwa sababu haigandi. Sukari ya mwili hushuka. Uchafu usiosafishwa hupanda hadi kwenye ubongo, na ubongo wenyewe unaweza kuvimba.

Hapo ndipo akili hubadilika. Mwanzo ni mdogo: mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, anasahau majina, mikono inatetemeka akiinyoosha. Baadaye anakasirika bila sababu, anatukana, anavua nguo, anapiga. Kisha anasinzia, na mwisho haamki hata akiitwa. Wapendwa, tuelewe vizuri: maneno mabaya anayosema mtu huyu hayatoki moyoni mwake. Ni ubongo uliojaa uchafu. Mama asiweke moyoni tusi alilotukanwa na mwanawe usiku ule.

Ugonjwa huu haufanani na ule wa mtu aliyekunywa waragi miaka mingi hadi tumbo likavimba polepole. Huo nao ni mbaya, lakini tunayemzungumzia hapa ni yule ambaye ini lake lilikuwa zima, nalo likaanguka katika siku au wiki chache.

2. CHANZO NI NINI?

Vyanzo ni vingi, na jamaa ndio wanaoweza kumsaidia daktari kukipata kilicho cha kweli.

a) Virusi vya homa ya ini. Aina ya B huenezwa kwa damu, kwa ndoa, kwa nyembe na sindano zilizotumiwa na mwingine, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kaskazini mwa Uganda, pamoja na West Nile, ina wagonjwa wengi wa aina hii, ndiyo maana serikali ilipoanza kuchanja watu wazima mwaka 2015 ilianzia mikoa ya kaskazini. Aina ya E hupita katika maji na mikono michafu. Ndugu zetu wa Kitgum waliijua kwa machozi: kati ya mwaka 2007 na 2009, katika kambi za watu waliohamishwa na vita, zaidi ya watu 10,000 waliugua manjano na 160 wakafa. Aina hii huwaua hasa wajawazito. Kwa hiyo mama mjamzito mwenye macho ya manjano asisubiri hata usiku mmoja.

b) Dawa. Parasetamoli ni dawa nzuri, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mtoto hupewa kwa uzito wake. Dawa nyingi za mafua na maumivu zina parasetamoli ndani yake chini ya jina jingine, hivyo mtu hujizidishia bila kujua. Wako pia wanaomeza vidonge vingi kwa kukata tamaa. Hao wanaweza kuonekana wazima siku ya kwanza, na ini likaharibika siku ya pili au ya tatu. Iko dawa ya kuzuia madhara hayo, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za kwanza. Dawa za kifua kikuu nazo huweza kuumiza ini kwa watu wachache. Anayezimeza akiona manjano, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Asiendelee kuzimeza kimya kimya, wala asiziache bila kuwaambia.

c) Miti shamba. Hatusemi kwamba kila jani ni baya. Tunasema tu kwamba liko jani linaloua ini, na macho hayawezi kulitambua ndani ya chungu.

d) Ukungu wa chakula. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua ini na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Wote walikula mahindi yaliyoota ukungu kwa kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Tafakarini jambo hili, wapendwa. Hapa kweli kulikuwa na sumu, lakini hapakuwa na mtu aliyeitia. Ilitoka ghalani mwao wenyewe. Kama wangetafuta mchawi, wangempata, maana anayemtafuta mchawi hamkosi. Na mahindi yangeendelea kuua.

e) Homa ya manjano, inayoletwa na mbu. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilithibitishwa hata huku West Nile, katika wilaya ya Moyo.

3. KUTOKA NYUMBANI HADI ARUA

Njia ya kawaida ni kutoka kituo cha afya cha hapa kwenda hospitali ya Koboko, kisha kwa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Arua, ambako ni safari ya kilomita zaidi ya 50 kutoka Koboko. Mtu mwenye macho ya manjano aliyeanza kuchanganyikiwa au kutoka damu hasubiri siku ya kliniki. Aitwe wa VHT, ipigwe simu ya gari la wagonjwa, aende. Njiani alazwe kwa ubavu ili akitapika asipaliwe.

Mchukue vitu hivi: kadi ya ukimbizi na karatasi ya familia, kadi ya kliniki, na ya wajawazito kama anayo, dawa zote alizotumia katika mwezi mmoja, pamoja na makasha yake, hata yale majani, yafungwe katika karatasi. Wenzetu wengine huficha majani kwa kuogopa kwamba muuguzi atawagombeza. Huenda akawagombeza. Kugombezwa ni jambo la dakika mbili. Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Daktari atauliza maswali mazito: Je, alimeza vidonge kwa makusudi? Anakunywa pombe kiasi gani? Ana virusi? Yuko mjamzito? Mama mkwe akisimama karibu, mke hawezi kujibu. Jamaa mwenye hekima atawaomba wengine watoke nje kidogo. Na aliyemeza vidonge kwa kukata tamaa asihukumiwe katika korido. Eliya naye aliketi chini ya mti akaomba afe, na Mungu hakumkemea, bali alimpelekea chakula na maji (1 Wafalme 19).

Msishangae kama mgonjwa anayetoka damu akiwa na homa atatengwa, na wauguzi wakavaa mavazi ya kujikinga. Tunaishi karibu na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini. Katikati ya mwaka 2019 Ebola ilithibitishwa Ariwara, soko ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa miguu yetu. Kumtenga mgonjwa hadi vipimo vitoke ni kutulinda sisi, wala si kumdharau kwa sababu ni mkimbizi.

4. NDANI YA CHUMBA CHA MAHUTUTI

Chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi tumezoea kukiita ICU, hutisha mtu asiyekizoea. Tukijua kila kitu ni cha nini, hofu hupungua.

Dripu iliyo kwenye mkono mara nyingi ni ya sukari, kwa sababu ini haliitoi tena. Wanamchoma kidole mara kwa mara, hata usiku, kupima sukari hiyo. Mpira wa mkojo ni wa kupima kama figo zinafanya kazi, maana figo hufuata ini likianguka. Kitanda huinuliwa upande wa kichwa ili kupunguza uvimbe wa ubongo; msikishushe kwa kudhani kwamba amelala vibaya. Dawa tamu iitwayo laktulosi humfanya aharishe. Watu hulalamika, "Wanamharisha mgonjwa wetu!" Kumbe ndiyo kazi yake: kuutoa kwa tumbo uchafu unaokwenda kwenye ubongo. Hewa ya oksijeni hupita puani. Na kama amezama katika usingizi kiasi cha kushindwa kulinda koo lake, huenda akawekewa mpira kooni na mashine ya kumpumulisha, pale mashine hiyo ilipo. Mashine haimponyi. Inamsubirisha ili ini lipate nafasi.

Mambo ambayo jamaa wasiyafanye: Wasimlishe wala kumnywesha mtu asiyeamka vizuri, hata maji ya kijiko kimoja, kwa kuwa yataingia mapafuni. Wasimpe kitu cha siri, iwe dawa ya nyumbani au maji yaliyoombewa. Wasiombe apigwe sindano ya usingizi ili atulie, maana dawa za usingizi zinaweza kumzamisha zaidi na kumficha daktari hali yake. Wasimpe parasetamoli kutoka mfukoni.

Mambo ambayo jamaa wayafanye: Wanawe mikono waingiapo na watokapo. Wamtaje kwa jina lake, wamwambie ni siku gani na yuko wapi. Wamgeuze na kumfuta mwili, muuguzi akiruhusu. Wamwambie muuguzi mara moja wakiona usingizi umezidi, damu imetoka, au mkojo umekoma. Anayekaa na mgonjwa ndiye anayeona kwanza, kwa maana muuguzi mmoja ana vitanda vingi.

5. KUZUNGUMZA NA DAKTARI

Jamaa kumi wakiuliza daktari mmoja, hutokea habari kumi. Chagueni mtu mmoja awe mdomo wa familia, na mmoja wa kumsaidia. Si lazima awe mkubwa kwa umri. Awe mtulivu, tena mkweli. Kila jioni awakusanye wengine, au awapigie simu wale waliobaki Lobule, awaeleze neno lile lile bila kuongeza chumvi.

Lugha ni shida kubwa. Pale Arua utasikia Kilugbara, Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Koboko ni Kikakwa zaidi. Kama hamkuelewa, semeni wazi, "Daktari, hatukuelewa, tafadhali tutafutie wa kutafsiri." Msimtumie mtoto. Mtoto wa miaka kumi na miwili asifanywe kuwa yeye wa kumwambia mama yake kwamba baba anakufa.

Yako maswali manne yanayotosha kila siku: Je, leo ni afadhali kuliko jana, au amezidi? Mnafikiri chanzo ni nini? Mnangoja kuona nini kesho? Sisi tufanye nini? Andikeni majibu katika daftari. Daktari akisema, "Hatujui bado," hilo nalo ni jibu la kweli, lipokeeni.

Kuhusu damu: damu ya kuongezewa haiuzwi. Hutoka katika benki ya damu ya mkoa iliyoko Arua, na benki hiyo hujazwa na watu wenye afya wanaojitolea. Vijana wetu walio tayari wanaweza kutoa siku za kawaida, wasingoje hadi awe ndugu yao.

6. SALA NA DAWA

Mfalme Hezekia alipougua hadi kufa, aligeuza uso ukutani akaomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Lakini katika sura ile ile, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Aliyeleta jibu la sala ndiye aliyeagiza dawa. Basi tusiwagombanishe watu wawili ambao Mungu amewatuma pamoja.

Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Tukiitwa, twende. Twende wawili, si ishirini. Tuombe kwa sauti ndogo, maana kuna wengine wamelala pale. Mafuta tuyapake kwenye paji la uso, tusiyatie kinywani. Tusimkemee mtu aliyechanganyikiwa kana kwamba ni nyumba ya mashetani, wala tusimfunge kamba wala kumpiga. Na neno hili walishike wote: mgonjwa wa ini hafungi. Sukari yake ikishuka anaweza kufa. Tunaofunga ni sisi, tulio na nguvu za kufunga.

Wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Hakusema ni huyu, wala hakusema ni yule. Nasi tukiulizwa kando ya kitanda, "Ni nani aliyemfanya hivi?" tujibu, "Madaktari wanatafuta ni nini. Sisi hatumtaji mtu." Mwenye ushahidi wa kweli kwamba mtu amelishwa sumu ampelekee daktari na polisi, si umati wa watu. Mwenye tetesi tu, azimeze.

Angalieni rafiki za Ayubu. Siku saba mchana na usiku waliketi naye chini, wala hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Hiyo ndiyo kazi bora waliyoifanya. Walikosea walipofungua vinywa ili kutafuta wa kulaumiwa.

7. UAMUZI MGUMU

Ini ni kiungo cha ajabu: likipewa nafasi linaweza kujirudishia nyama yake. Wako wanaopona kabisa, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Wako wengi pia wasiopona. Katika nchi zenye uwezo, baadhi yao hupandikizwa ini la mtu mwingine. Upasuaji huo haufanyiki katika hospitali zetu za West Nile. Tunawaambia wazi ili msije mkauza mbuzi wa mwisho kwa mtu anayewaahidi miujiza ya haraka.

Huenda mkaambiwa juu ya kumhamishia Mulago, Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Kabla ya kukubali, ulizeni: Je, huko kuna kitu ambacho hapa hakipo kwa ajili yake? Atavumilia safari? Nani atakuwa naye garini, na gari lina oksijeni? Rufaa imeandikwa na kitanda kimepatikana? Na ofisi ya afya ya wakimbizi imearifiwa, ili isije ikawa familia inaachwa na deni? Msimwondoe kwa gari la kukodi usiku kwa sababu tu mjomba amepiga simu kutoka mbali.

Huenda pia mmoja akasema, "Tumrudishe nyumbani, au tumpeleke kwenye maombi mlimani." Mrudishieni swali kwa upole: Huko ni nani atakayempima sukari usiku? Maombi yanaweza kumfuata alipo, lakini dripu haiwezi kuwafuata mlimani.

Na ikifika siku daktari anaposema kwamba mwili umekwisha na hakuna dawa inayosaidia tena, hapo tusikilize pia. Kuacha kumchoma na kumpumulisha mtu anayekwenda si kukosa imani. Ombeni apunguziwe maumivu, aitwe mchungaji, watoto waletwe wamwone wakiandaliwa kwanza. Msameheane kando ya kitanda. Hata asiyejibu huenda anasikia; basi aambiwe anapendwa.

Akifariki, mwulizeni muuguzi namna ya kuugusa na kuuosha mwili. Kama ameambiwa ni ugonjwa wa kuambukiza, fuateni maagizo ya mazishi hata kama yanatuuma. Na pale msibani, kabla ya chakula kutolewa, mzee wa kanisa asimame aeleze kwa maneno machache kile ambacho daktari alisema ni chanzo, familia ikikubali. Maneno hayo machache yanaweza kuokoa nyumba ya jirani isichomwe usiku.

8. KAZI YA KANISA KWA WALIOBAKI

Jamaa anayemlinda mgonjwa Arua analala sakafuni, anapika nje kwa mkaa, naye hana usingizi. Nyumbani watoto wako peke yao, shamba limeota majani, na siku ya posho inakaribia. Tunapendekeza kila kikundi kigawane kazi: wawili wa kupokezana zamu hospitalini, mmoja wa kupika kwa watoto, mmoja wa kufuatilia posho kwa barua na kadi inayotakiwa, na mweka hazina mmoja anayeandika mchango wote na matumizi yote mbele ya watu.

Tena afya ya waliobaki. Kama chanzo ni homa ya ini aina ya B, mume au mke na watoto wapimwe. Asiye nayo achanjwe mara tatu, sindano ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita. Aina hii haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kushikana mikono, kwa hiyo mjane asitengwe. Kama ni aina ya E, tuchemshe maji au tuyatie klorini, tunawe kwa maji yanayomiminwa badala ya kutumbukiza mikono wote katika beseni moja, na tutumie choo. Kama ni ukungu, mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Yahifadhiwe yakiwa makavu kabisa, na yaliyobadilika rangi yatupwe, wala wasipewe kuku. Tunajua kutupa chakula kambini kunauma.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini jamaa huficha miti shamba wafikapo hospitali? Kikundi chetu kifanye nini ili wasiogope kusema?
2. Rafiki za Ayubu walitenda vema kwa siku saba. Ni maneno gani tuliyozoea kusema kando ya mgonjwa ambayo ingekuwa heri tuyaache?
3. Ukisikia msibani, "Huyu amelishwa," utajibu nini, na utamwambia nani?
4. Katika familia yako, ni nani anayefaa kuwa mdomo wa familia? Je, mmekwisha kuzungumza naye?
5. Nani katika kikundi hiki hajapima homa ya ini aina ya B? Mnaweza kwenda pamoja siku gani?

SALA

Ee Bwana, uliyemtengeneza mwanadamu na kila kiungo chake, tunawaweka mbele zako walio mahututi Koboko na Arua, na wanaokesha kando yao. Wape madaktari na wauguzi hekima na nguvu. Tufungue vinywa kwa yale tunayoyajua, utufunge vinywa kwa yale tusiyoyajua. Ukiwaponya, tukushukuru, ukiwachukua, tusimwinulie jirani mkono. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.